Salamu mpe kila mtu, safari yako usimpe kila mtu

Juzi usiku mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu akiongea kwa sauti ya chini. Ameshakata tiketi ya treni ya umeme kwenda Dodoma. Kutoka hapo anataka kupanda basi la Kondoa, kisha afike Kolo akaione michoro ya miambani aliyokuwa akiisoma kwenye kitabu cha historia tangu yuko shule. Anakwenda peke yake. Ana miaka 24, ana kazi, ana likizo ya siku 7, na hajawahi hata siku moja kulala gesti bila mtu wa nyumbani kuwa chumba cha pili.

"Dada, niambie kila kitu," akasema. "Ila mama usimwambie kwanza."

Tuliongea mpaka dakika zake zikaisha. Nilipolala nikaona kwamba nusu ya niliyotaka kumwambia bado ninayo, na ile nusu ndiyo yenye uzito. Basi nayaandika hapa, yawe yake na ya wengine mnaoniuliza jambo hili hili, mnaotaka kusafiri wenyewe kwa mara ya kwanza na mioyo inawadunda.

Nilipoondoka mimi mara ya kwanza, mwaka 2017, kila mtu alinionya kuhusu wezi. Mama alinishonea kimfuko cha kitambaa cha kuvaa ndani ya nguo. Shangazi akanipa pilipili ya unga kwenye kikopo cha dawa. Rafiki zangu wakanifundisha namna ya kubana pochi kwapani. Nilijiandaa kwa mtu wa kuninyang'anya, na mtu wa namna hiyo sikukutana naye. Niliyekutana naye alinisalimia vizuri, akaniita dada, akanibebea begi, na mimi sikuwa na la kumfanya, kwa sababu tangu utotoni nimefundishwa kwamba mtu akikutendea wema humkatalii.

Nilikuwa nakwenda Matema, kaskazini kabisa mwa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone. Mama alikuwa na chungu cha Kisi ambacho baba alimletea zamani alipokuwa akifanya kazi Mbeya. Tulipika humo dagaa, tukapika maharage, tukahifadhi maji, na mwaka ule kikapasuka. Nilijua wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu vile kwa mikono yao, na kwamba siku ya Jumamosi vinauzwa Lyulilo, kijiji jirani na Matema. Nikataka nikanunue kingine mwenyewe. Nilikuwa na rafiki wawili wa kufuatana nami. Mmoja akanyimwa ruhusa kazini, mwingine akanyimwa na mume. Nilikuwa nimeshaomba likizo. Nikaenda.

Wakati ule mabasi yalikuwa yakiondokea Ubungo, saa 12 asubuhi. Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilomita kama 830, mwendo wa siku nzima. Kaka aliyeketi pembeni yangu alikuwa mtu wa makamo, mavazi safi, sauti ya upole. Akanipisha nikae dirishani. Mikumi akanionyesha tembo kabla sijawaona. Ruaha Mbuyuni, pale wanapouza vitunguu, akashuka akanirudia na soda ya baridi. Nikakataa. Akasema, "Jamani dada, soda tu." Nikapokea. Tulipopanda Kitonga na basi likawa linakwenda pole pole kwenye zile kona, akaniuliza kama naogopa, tukacheka. Mahali pa chakula akawa ameshalipia sahani yangu kabla sijafika kaunta.

Tulipofika Makambako alikuwa anajua jina langu, kazi yangu, kwamba niko peke yangu, kwamba sina ndugu Mbeya, na kwamba sijaweka nafasi ya kulala popote. Hayo sikumwambia kwa mkupuo. Aliniuliza moja moja, na kila swali lilikuja likiwa limetanguliwa na wema. Utakunywaje soda ya mtu halafu umwambie hayamhusu?

Mbele ya Makambako basi likaharibika. Tulikaa barabarani kwenye baridi zaidi ya saa 3. Mbeya tukaingia imeshapita saa 5 usiku. Akachukua begi langu kutoka mkononi mwa utingo kabla sijanyoosha mkono, akasema anaijua gesti nzuri, na bajaji ikawa imeshaitwa. Nikapanda. Mapokezini yule binti aliyekuwa na usingizi akasema kwa sauti, "Dada chumba namba 9, kaka namba 11." Nikaandika kwenye kitabu cha wageni, jina, kabila, natoka wapi, naenda wapi, na yeye amesimama begani kwangu akisoma.

Mlango wa chumba namba 9 ulikuwa na kitasa kimoja kilicholegea. Komeo lilikuwa limeng'olewa, yamebaki matundu manne ya misumari. Niliyaona nilipofunga mlango. Nikasema sitalalamika, ni usiku, watu wamechoka.

Saa 7 mlango ukagongwa. Mara tatu, taratibu.

"Dada, hujalala? Nimekuletea maji ya kunywa."

Nikanyamaza. Akagonga tena. Kitasa kikasogea kidogo, kikarudi. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, nimejifunga kanga, natetemeka, na nataka mnielewe vizuri hapa: hata wakati ule, wazo la kwanza lililonijia ni namna gani nimjibu asijisikie vibaya. Nilikuwa natafuta maneno ya heshima. Mtu anajaribu kitasa changu usiku wa manane na mimi naogopa kumkosea adabu.

Aliyeniokoa ni mlango wa namba 8. Ulifunguka kwa kishindo, na sauti ya mama mtu mzima ikajaa korido nzima. "Nani huyo anayegonga mlango wa mtoto wa watu saa hizi? Wewe baba, unataka nini hapo? Sema nisikie!" Nikasikia miguu ikiondoka. Mlango wa namba 11 ukafungwa. Mama yule akagonga kwangu mara moja, akasema, "Usifungue. Sogeza kitanda kwenye mlango, ulale. Mimi niko macho." Nikasogeza kitanda.

Asubuhi nilimkuta uani anakunywa chai ya rangi na kiazi cha kuchemsha. Alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Ananunua Ipinda na Kyela, anapandisha Mbeya, wakati mwingine anafika nao mpaka Dar. Miaka na miaka anasafiri peke yake. Nikamshukuru, nikamuuliza kwa nini alitoka, maana vyumba vilikuwa vingi na hakutoka mwingine yeyote.

"Ulinisalimia," akasema. "Ulipofika jana usiku, ulivyochoka vile, ulinikuta koridoni ukaniambia shikamoo. Nikajua huyu ni mtoto wa mtu."

Sikukumbuka hata kama nilimsalimia. Ilinitoka tu, kama inavyotutoka.

Tangu siku ile nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Adabu ile ile iliyonifanya nipokee soda, nijibu maswali, niache begi libebwe, ndiyo iliyomtoa mama wa watu kitandani kuja kunitetea. Kwa hiyo siwezi kuwaambia wadogo zangu waiache nyumbani. Wakiiacha watakuwa wapweke kweli kweli, na mpweke ndiye anayewindwa. Msafiri maskini ajapokuwa sultani, wazee walisema, na umaskini wenyewe ni huu wa kukosa mtu wa kuuliza ni nani anayegonga mlangoni kwako.

Mama wa mchele alinieleza kwa maneno machache, akimenya kiazi chake. "Mwanangu, salamu mpe kila mtu. Safari yako usimpe kila mtu." Unakwenda wapi, unalala wapi, unakaa siku ngapi, uko na nani: hizo ni mali zako kama hela zako. Ungempa mtu usiyemjua kimfuko chako ahesabu kilichomo? Basi.

Nikamuuliza, sasa mtu akiniuliza nijibu nini, maana kunyamaza siwezi. Akanifundisha neno moja ambalo nimelitumia miaka yote: napokelewa. "Asante kaka, napokelewa." "Asante baba, napokelewa hapo hapo stendi." Nikamwambia, mama, huo si uongo? Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Mungu si ndiye anayekupokea? Au wewe unapokelewa na nani?" Hilo neno halimtukani mtu, halimpandishi hasira, na linafunga mazungumzo. Litamke kwa sauti ya kawaida, kisha geuza uso ufanye jambo jingine. Usiongeze maelezo. Ukianza kueleza ni nani anakupokea na anakaa wapi, umefungua mlango tena.

Kuhusu vinywaji na vyakula, mimi sasa nalipa vyangu. Mtu akinisogezea soda namwambia, "Asante sana, nimeshakunywa," hata kama koo limekauka, na nashuka kununua yangu kituo kinachofuata. Wapo wanaotoa kwa moyo safi kabisa, nawajua, na nasikitika kuwakatalia. Lakini njiani huwezi kumtenganisha huyu na yule kwa kumtazama usoni. Mwema wa kweli akikataliwa anasema haya, anafungua gazeti lake. Anayekasirika kwa sababu hukunywa soda yake amekuonyesha ilikuwa soda ya nini.

Kinyume chake, kwa wanawake mimi natangulia. Nikiingia kwenye basi nasalimia mama aliye karibu nami kabla sijakaa. Nikifika mtaa nisioujua, kabla ya jambo lolote natafuta mwanamke wa kusalimiana naye: mama ntilie, dada wa vocha, anayefagia mbele ya duka. Nanunua kitu kidogo kwake, hata maji. Namuuliza yeye, "Dada, wewe ungekuwa na mdogo wako amefika leo, ungempeleka alale wapi?" Hilo swali linatoa jibu tofauti kabisa na "gesti nzuri ni ipi". Na kuanzia hapo mtaa ule una mtu mmoja anayejua kwamba upo, atakayeuliza kesho kama hajakuona.

Sasa niseme ya vitendo, maana mdogo wangu aliyataka hayo.

La kwanza ni jua. Kwetu huku jua halina mchezo: mwaka mzima linazama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na likishazama giza linaingia mara moja. Panga safari yako kwa kuanzia mwisho. Usiulize basi linaondoka saa ngapi, uliza linafika saa ngapi, kisha ongeza saa 3 za kuharibika. Jibu likiwa usiku, katiza safari. Kwa njia ile ya Mbeya leo hii ningelala Iringa, nikashuka Ipogolo mchana kweupe, nikala, nikaoga, nikaondoka kesho yake. Unapoteza siku moja, lakini unauona mji unaoingia. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na wengi wanayapenda kwa sababu yanaokoa siku. Kwa safari ya kwanza mimi sikushauri. Na ikitokea umefikishwa kabla ya alfajiri, usitoke stendi. Kaa penye taa, karibu na wamama wenye mizigo, mpaka uone rangi ya udongo.

Tiketi kata ofisini au kwenye simu, si kwa mpiga debe aliyekushika mkono. Unapokata, sema wazi, "Naomba niketi na mama." Makarani wanaelewa, na mara nyingi wanakupangia. Treni ya umeme utaonyesha kitambulisho, kwa hiyo namba yako ya NIDA iwe karibu. Ukishapanda basi, piga picha tiketi na namba ya gari, tuma nyumbani.

Kanga beba. Doti nzima. Nimesafiri na wanawake wenye mabegi ya gharama ambao hawakuwa na kanga, na basi liliposimama porini kuchimba dawa, konda anapiga kelele dakika tano, wakabaki wamekaa na maumivu mpaka mji unaofuata. Kanga mbili, wanawake wawili, mmoja anashika pazia na mwingine anajisaidia, kisha mnabadilishana. Hapo hata jina hamjaulizana na mmeshakuwa ndugu wa safari. Kanga ile ile ni shuka usipoliamini shuka la gesti, ni taulo, ni ya kujifunika baridi ya alfajiri, ni ya kujitanda ukiingia mahali pa heshima. Chini ya gauni vaa taiti, maana bodaboda utapanda tu, upende usipende. Pedi beba hata kama siku zako ziko mbali, safari inazisogeza.

Hela zigawe. Za simu ziwe kwenye simu, lakini simu huzima na mtandao hukatika, kwa hiyo uwe na taslimu za kukurudisha nyumbani, mahali ambapo hupagusi. Hela ndogo za soda na nauli ziwe karibu, ili usifungue hazina yako mbele ya watu. Bibi yangu alikuwa akifunga zake kwenye pindo la kanga, fundo gumu la kufunguliwa kwa meno. Bado sijaona pochi iliyolizidi.

Chumba usilipie kabla hujakiona. "Naomba nikione kwanza" ni sentensi ya kawaida, kila mhudumu anaijua. Usitazame runinga wala rangi ya ukuta. Tazama mlango. Kuna komeo kwa ndani? Linafika kwenye tundu lake? Dirisha linafunga? Kama komeo halipo, omba chumba kingine. Kama hakuna kingine, ondoka, ndiyo maana ulifika mchana. Pendelea chumba kilicho karibu na mapokezi kuliko kile cha mwisho wa korido, hata kama kina kelele. Hosteli za makanisa zipo miji mingi, ni nafuu, zina geti na mlinzi, na hawakuulizi dini yako. Mimi sasa natembea na kabari, kipande cha mti mgumu nilichochongewa na fundi seremala, kirefu kama kiganja. Nikifunga mlango naipigilia chini kwa kisigino. Nimelala usingizi wa mtoto kwenye vyumba ambavyo kitasa chake kingefunguliwa kwa kijiko.

Na mapokezini, mhudumu akitaka kutaja namba ya chumba chako mbele ya watu, mwambie kwa upole akuandikie kwenye karatasi. Aliyekufuata kutoka stendi, asijue unalala wapi. Kama amekufuata mpaka kaunta, sema hapo hapo, mbele ya mhudumu, "Huyu kaka sifuatani naye." Yale maneno manne yangeniokoa usiku wangu wote, na niliyameza.

Tujifunze pia kupaza sauti. Mkono wa mtu ukikugusa kwenye daladala au basi, usihame kiti kimya kimya. Sema kwa sauti, na mtaje kwa alichovaa: "Wewe kaka wa shati la bluu, toa mkono wako pajani kwangu." Ukimtaja shati, abiria wote wanageuka kumtazama mtu mmoja, na yeye hana pa kujificha. Nimefanya hivyo mara mbili. Mara zote mbili wamama walimalizia kazi. Tangu 1998 sheria yetu inautaja unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai, na kwenye vituo vingi vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, ambako unaweza kuomba kusikilizwa na askari wa kike. Namba ya dharura ni 112. Ihifadhi kichwani, si kwenye simu peke yake.

Nimesema mengi ya kuogopesha, na nisingependa mtu asome hapa kisha afungue begi arudishe nguo kabatini. Kwa sababu baada ya usiku ule nilikwenda Matema, na Matema ilinipa kitu ambacho hakuna safari ya kufuatana na watu imewahi kunipa.

Mama wa mchele alinichukua kwenye Coaster la Kyela. Tulipita Tukuyu kwenye ukungu na mvua nyembamba, migomba pande zote, chai imelala kwenye vilima, tumejikunyata. Kisha barabara ikaanza kushuka, na kila kilomita nikawa navua kitu. Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya bahari, ziwa liko chini ya mita 500. Unasafiri kutoka kwenye sweta hadi kwenye jasho ndani ya asubuhi moja. Akanifundisha kusalimia kwa Kinyakyusa, mugonile, na kushukuru, ndaga. Akaniteremsha Ipinda, akanichagulia bodaboda anayemfahamu, akamwambia mbele yangu, "Huyu ni mwanangu. Nitakuuliza." Namba zake ninazo mpaka leo.

Nilikaa Matema siku 4. Siku ya kwanza nilikuwa nashtuka kila mara kana kwamba kuna mtu ananisubiri. Mimi ni mtoto wa kwanza. Tangu nina miaka 10 sijawahi kuamka bila kuwaza nani anywe chai, nani apigiwe pasi. Pale niliamka, ziwa limetulia kama mafuta kwenye sinia, milima imesimama juu yake, na hakukuwa na mtu hata mmoja anayehitaji kitu kwangu. Nilikaa mchangani mpaka jua likaniunguza mabega. Nilikula wali wa Kyela na mbasa, samaki wa ziwa lile, wa kukaanga kwa mama mmoja pale ufukweni, taratibu, mpaka punje ya mwisho. Aliniuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Nikamwambia sina mwenzangu, nimekuja kupumzika. Akafikiri kidogo. Akasema, "Na mimi siku moja."

Jumamosi nikaenda Lyulilo. Wanawake walikuwa wanashusha vyungu kutoka kwenye mitumbwi, vimepangwa na nyasi katikati yake. Nilichukua muda mrefu kuchagua. Mwenye vyungu, bibi mwenye vidole vilivyokauka kwa udongo, alikuwa anavigonga kimoja kimoja kwa ukucha na kunisikilizisha: chungu kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinakohoa. Akaninyima kile nilichokitaka, akasema kina kasoro, akanipa kingine kwa bei ile ile.

Nilirudi kwa treni ya TAZARA kutoka Mbeya. Kama unaogopa basi, na siku zako treni inatembea, hii njia ifikirie. Ukikata daraja la kulala, wanawake wanapangwa chumba chao na wanaume chao, isipokuwa mmekata chumba kizima. Daraja la kwanza vitanda 4, la pili 6. Tulikuwa wanawake wanne: anayetoka Tunduma na vitenge, mwalimu, binti anayekwenda kujifungua kwa mama yake, na mimi na chungu changu. Mwenye vitenge alifunga mlango kwa ndani, akafunga dirisha kabla ya usingizi, akasema kwenye vituo vya usiku mikono inaingia. Tulilala. Kati ya Makambako na Mlimba reli inapita mahandaki na madaraja mengi, na kila tulipoingia handakini yule mjamzito alinishika mkono gizani. Asubuhi tukaipita Selous, upande ambao tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, twiga wamesimama karibu na reli, na sisi wote wanne kwenye dirisha moja.

Hilo la kumficha mama, mdogo wangu, nimelikataa. Mambo mengine yote uamuzi ni wako, ila safari ya siri ndiyo hatari kuliko gesti isiyo na komeo. Lazima awepo mtu mmoja nyumbani anayejua unalala wapi usiku wa leo. Usiahidi kupiga simu kila saa. Mimi nilifanya hivyo, mtandao ulipokatika njiani mama akashindwa kula. Ahidi ujumbe mmoja, saa moja maalumu, neno moja: nimefika. Ukifika Kolo, pitia ofisi ya michoro iliyo pale barabarani, ulipie, upewe mwongozaji wa kukupandisha kwenye michoro, na jina lake ulitume nyumbani kabla hamjaanza kupanda.

Jana nikaenda mwenyewe kwa mama mdogo, nikamkuta anachambua mchele. Nikamweleza yote, Dodoma, Kondoa, michoro, siku 7. Alisimamisha mkono juu ya ungo. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi.

"Anafika saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia, mchana. Akaendelea kuchambua. Baadaye kidogo akainuka, akaingia chumbani, nikasikia anafungua sanduku la kanga.